Kasha la Saa na Bei Yake

Msafiri apandaye boti ya asubuhi kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam, akiwa na subira ya kutazama mikono ya wenziwe badala ya kutazama bahari, ataona jambo ambalo miaka kumi na mitano iliyopita halikuwako. Saa ya mishale imepungua, na mahali pake pamekaa kioo cheusi kinachowaka mtu ageuzapo kiganja. Karani anayo, mwalimu wa skuli anayo, ofisa wa wizara anayo, na kijana akatae tiketi gatini anayo pia. Ukiziangalia kwa mbali utadhani ni za tumbo moja. Lakini mwenye kuivaa anajua, na mara nyingi angependa jirani yake naye ajue, kuwa ya huyu ina kasha la aluminiamu na ya yule ina kasha la titaniamu, na kwamba baina ya hizo mbili pana pengo la fedha lisilokuwa dogo.

Tunaposema kasha tunakusudia ile nyumba ya nje ya saa, ibebayo kioo kwa juu na kushikana na mkanda kwa pande mbili. Mitambo, betri na vihisio vya kupimia mapigo ya moyo vimo ndani yake. Suala tunalotaka kulizungumza leo ni kama nyumba hiyo, ikijengwa kwa madini ya thamani, inastahili ile bei inayoongezwa kwa ajili yake.

Hatukulizua suala hili wenyewe. Mtoto wa ndugu yetu, aliyeajiriwa Serikalini na ambaye huu ni mwaka wake wa pili kazini, alitujia barazani baada ya sala ya alasiri akiwa na simu mkononi. Rafiki yake alikuwa anasafiri kwenda Dubai na kurudi wiki ya pili, na kijana alitaka kumpa fedha amletee saa janja. "Ami," alisema, "ya aluminiamu ni dola 399, na ya titaniamu ni dola 699. Wenzangu wananambia nikinunua ya aluminiamu nitakuwa nimetupa pesa, maana chumvi ya huku itaila." Tulimwuliza fedha za ziada atazitoa wapi. Akainamisha kichwa. Ilikuwa ni sehemu ya fedha alizokuwa akizitenga kwa kubadilisha mabati ya paa la mama yake huko shamba, mabati ambayo, tuseme kweli, chumvi imekwisha kuyala siku nyingi.

Dola 300 kwa shilingi zetu ni zaidi ya laki saba. Tulimwomba atupe siku chache, kwani hatukupenda kumjibu kwa hasira za utu uzima pekee, ya kwamba vijana wa siku hizi wanapenda mapambo. Hoja yake ya chumvi ilikuwa ni hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba wazee wetu nao walilipia kasha, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Saa ya Seiko 5, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1963, iliingia katika visiwa hivi mkononi mwa mabaharia na mahujaji, na kasha lake la chuma cha pua ndilo lililoifanya iwe mali. Saa ya aina ile haikuhitaji betri. Ilijitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wa mwenyewe. Ikichelewa, fundi aliifungua mgongo kwa chombo chake, akaisafisha, akaitia tone la mafuta, akaifunga. Ikivunjika kioo, kioo kilipatikana. Kwa hiyo kasha gumu lilikuwa na kazi ya kufanya kwa miaka arobaini, maana mitambo iliyomo ndani nayo ilikuwa na umri wa miaka arobaini na zaidi. Tunazo saa za namna hiyo majumbani mwetu hadi leo, zilizorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na zinakwenda.

Huko Uswisi mambo yalifika mbali zaidi. Mwaka 1972 kampuni ya Audemars Piguet ilitoa saa iitwayo Royal Oak, ya chuma cha pua kitupu, ikaiuza faranga 3,300 za Uswisi, bei iliyozipita saa nyingi za dhahabu za wakati huo. Watu walicheka, kisha wakanunua. Tunalitaja jambo hili ili ieleweke kwamba bei ya kasha haijapata kuwa bei ya madini peke yake. Mtu hulipia kazi ya mkono, hulipia jina, na hulipia matumaini kwamba kitu hicho kitadumu. Kwa saa ya mishale matumaini hayo yalikuwa na msingi.

Sasa na tutazame saa janja. Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa kampuni ya Apple ya Marekani, iliyoanza kuuza saa yake mwezi wa Aprili mwaka 2015. Saa hiyo ilitoka kwa madaraja matatu. Ya aluminiamu ilianzia dola 349. Ya chuma cha pua ilianzia dola 549. Ya tatu ilikuwa na kasha la dhahabu ya karati 18, yaani dhahabu robo tatu na madini mengine robo, na bei yake ilianzia dola 10,000 mpaka 17,000. Msomaji atadhani kuwa kwa tofauti kubwa namna hiyo aliyenunua dhahabu alipata na mitambo bora zaidi. Hakupata. Kichakataji kilikuwa kile kile, programu ni zile zile, na saa ilitakiwa kutiwa chaji kila usiku kama ile ya dola 349.

Mwaka 2016, kampuni ilipotoa saa ya pili, dhahabu iliondolewa katika orodha ya bidhaa zake. Mwaka 2018 ikatoka programu mpya ya kuendeshea saa hizo, na ile saa ya mwaka 2015 haikuweza tena kuipokea: si ya aluminiamu, si ya chuma, si ya dhahabu. Zote tatu ziliachwa nyuma siku moja. Miaka mitatu na nusu tu ilikuwa imepita. Aliyelipa dola 17,000 alibaki na dhahabu yake, nayo ni dhahabu, lakini alibaki nayo kama abakivyo mtu na kidani kilichokatika. Kwetu sisi, ambao wanaume zetu wamekatazwa kuvaa dhahabu na dini yao, mtihani ule ulitupita kando. Ila tusijisifu, kwani yapo madini ambayo hayakukatazwa na ambayo tumeyaendea mbio.

Huenda mtu akasema kwamba hiyo ilikuwa ni saa ya kwanza, na chombo cha kwanza daima huwa na upungufu. Basi na tuchukue ya mwaka 2019. Mwaka huo Apple ilitoa saa ya Series 5 kwa makasha manne. Aluminiamu ilianzia dola 399, chuma cha pua dola 699, titaniamu dola 799, na kauri nyeupe dola 1,299. Mwaka 2024 ilipotoka programu mpya, Series 5 zote ziliachwa nje, za kauri pamoja na za aluminiamu. Mwenye kauri alilipa zaidi ya mara tatu ya mwenzake, na wote wawili walipata miaka mitano ile ile. Kweli, saa iliyoachwa nje haizimiki siku hiyo hiyo; huendelea kuonyesha saa na kuhesabu hatua. Lakini hailetewi tena mambo mapya, na kidogo kidogo huanza kutosikilizana na simu mpya ya mwenyewe. Kauri yenyewe ni ngumu mno, haikwaruziki kwa ufunguo wala kwa sarafu, na inaweza kukaa karne nzima bila ya kubadilika sura. Inabaki ikilinda kitu ambacho hakihitaji tena kulindwa.

Wako watengenezaji waliolitambua jambo hili mapema wakalisema kwa vitendo. Kampuni ya TAG Heuer ya Uswisi, iliyozoea kutengeneza saa za mishale, ilitoa saa janja mwaka 2015 yenye kasha la titaniamu kwa dola 1,500. Pamoja na saa ile ilitoa na ahadi: baada ya miaka miwili mnunuzi angeweza kuirudisha, akaongeza dola 1,500 nyingine, akapewa saa ya mishale. Mwaka 2017 wakatoa nyingine ambayo sehemu yake ya kompyuta iliweza kuondolewa na mahali pake pakatiwa saa ya mishale. Watu wa Uswisi si watu wa kutoa ahadi kwa bahati mbaya. Walijua kuwa kompyuta itakufa mapema na titaniamu itabaki, na wakaona haya kumwachia mteja maiti ndani ya kasha zuri.

Turudi kwenye bei aliyotuletea kijana wetu. Mwaka 2024 Apple ilikiondoa chuma cha pua na kuweka titaniamu mahali pake katika saa ya Series 10. Mwaka 2025 ikafuata Series 11 kwa bei zile zile za kuanzia, dola 399 kwa aluminiamu na dola 699 kwa titaniamu. Hapo pana kitu ambacho vijana wengi hawakiangalii. Ile ya titaniamu huuzwa ikiwa na uwezo wa kuungana na mtandao wa simu bila ya simu yenyewe kuwapo karibu. Ya aluminiamu huuzwa kwa namna mbili, na ile yenye uwezo huo ni dola 499. Kwa hiyo anayeutaka uwezo huo analipa dola 200 kwa ajili ya kasha na kioo, na asiyeutaka analipa 300, ambazo 100 kati yake ni za kitu asichokitumia. Kabla ya kutoa hata senti moja kwa ajili ya uwezo huo, mtu aiulize kampuni yake ya simu kama inaziunganisha saa za aina hiyo. Tumeona watu wanaolipia mlango ambao hauna njia ya kuuendea.

Ama chumvi, hapo pana ukweli, na ukweli huo tuutoe kwa ukamilifu wake kwa sababu ndiyo hoja inayotuhusu sisi watu wa visiwa kuliko watu wa bara.

Aluminiamu ni madini laini. Ndiyo hiyo ya sufuria zetu. Lakini ile ya saa huchanganywa na madini mengine ili iwe ngumu, kisha hutumbukizwa katika tindikali na kupitishiwa umeme, hata ikajengeka juu yake ngozi nyembamba iliyo ngumu kuliko aluminiamu yenyewe. Ngozi hiyo ndiyo inayobeba rangi, na ndiyo inayozuia chumvi. Ikikwaruzwa kwenye ukuta wa mawe au ukingo wa mlango, mahali hapo huonekana peupe, na maji ya bahari yakiachwa yakaukie hapo mara kwa mara huanza kutoboa vishimo vidogo vidogo kama vile tunavyoviona kwenye madirisha ya aluminiamu ya nyumba za pwani. Hili si la kukanusha. Lakini vishimo hivyo huchukua miaka, na mwenye kuisuuza saa yake kwa maji baridi ya bomba kila atokapo baharini huenda asivione mpaka betri imekwisha kufa.

Chuma cha pua, cha aina inayotumiwa kwenye saa nzuri, kinastahamili bahari vizuri sana, ila kinang'arishwa, na kilichong'arishwa huonyesha kila mkwaruzo kama shati jeupe lionyeshavyo doa. Tena kina nikeli ndani yake, na wako watu ambao ngozi zao haziipendi nikeli. Titaniamu haishindwi na maji ya bahari hata kidogo. Hutengenezewa mabomba ya mitambo ya kuondolea chumvi katika maji, kazi ambayo vyuma vingi huikimbia. Kwa nguvu ni kama chuma, na kwa uzito ni zaidi kidogo ya nusu yake: sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina gramu karibu 8, ya titaniamu gramu 4.5, na ya aluminiamu gramu 2.7. Wauzaji husema titaniamu ni nyepesi, na wanasema kweli ikiwa wanailinganisha na chuma. Ikilinganishwa na aluminiamu ni nzito. Saa kubwa ya Series 10 ya aluminiamu ina gramu 36.4, na ya titaniamu ina gramu 41.7. Anayelala na saa yake ili impimie usingizi ataujua upesi upande ulio mwepesi.

Kama lipo jambo la kulipia hapa, kwa maoni yetu ni kioo zaidi kuliko kasha. Saa za aluminiamu za kampuni hiyo hutiwa kioo kilichoimarishwa, na za titaniamu hutiwa yakuti samawi iliyotengenezwa kiwandani. Katika kipimo cha ugumu wanachokitumia wataalamu wa mawe, ambacho almasi ndiyo 10, yakuti ni 9 na mchanga wa kwatsi ni 7. Kioo cha kawaida kiko chini ya mchanga huo, na ndiyo sababu hukwaruzwa nao. Kioo hukaa juu, ndicho kinachotazamwa na ndicho kinachogonga mambo kwanza. Kasha hufichwa na mkono wa shati. Hata hivyo yakuti nayo ina ila yake. Ni ngumu lakini haipindiki, na ikiangukia sakafu ya saruji kwa ubavu inaweza kupasuka mahali ambapo kioo kilichoimarishwa kingesalimika. Mtu achague analoliogopa zaidi, mikwaruzo au kuanguka.

Linalotusikitisha ni kuwa wengi wamefundishwa kwamba kasha la bei kubwa ndilo linalozuia maji. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwao. Miaka michache nyuma tulinunua saa janja ya chuma cha pua, jina lake tutalisitiri na duka tutalisitiri, na muuzaji akatwambia kuwa kwa kasha lile tusiogope bahari. Hatukuogopa. Mwaka wa pili ukungu uliingia chini ya kioo, kisha saa ikazima. Tulimpelekea fundi mmoja wa mjini, mzee aliyekuwa akitutengenezea saa ya marehemu baba yetu, akaigeuza mara mbili tatu akitafuta mahali pa kutia kisu chake asipate. Kioo kilikuwa kimegandishwa kwa gundi. Akaturudishia kwa heshima zote. "Hii, sheikh, si saa," akasema, "hii ni redio iliyozibwa."

Baadaye ndipo tulipofahamu. Maji huzuiwa na mipira na gundi iliyopo baina ya kioo na kasha, na kwenye vitufe, na kwenye tundu za sauti. Vitu hivyo ni vile vile katika saa ya aluminiamu na ya titaniamu ya kampuni moja na mwaka mmoja, na vyote huchoka kwa joto, kwa sabuni, kwa manukato na kwa kuanguka. Alama ya mita 50 inayoandikwa kwenye saa hizo ina maana ya kipimo kilichofanywa saa ikiwa mpya. Watengenezaji wenyewe huandika kwamba uwezo huo haudumu milele. Saa yetu ya chuma ingali inang'aa kama siku tuliyoinunua. Iko ndani ya mtoto wa meza, na wajukuu huichezea.

Tena kuna betri. Apple inasema kuwa betri ya saa yake imeundwa ibakishe hadi asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1,000. Saa inayochajiwa kila siku hufikia idadi hiyo kabla ya mwaka wa tatu kwisha. Kampuni hiyo hiyo inashauri saa itumiwe penye joto lisilozidi nyuzi 35, na sisi tunaujua mwezi wa Februari wa kwetu, na tunaijua hali ya gari iliyofungwa vioo juani. Betri za namna hii zina adui mmoja mkubwa, naye ni joto. Hakuna kasha linalozipunguzia joto hilo.

Basi ni nani anayestahili kulipia titaniamu? Tungesema ni mzamiaji anayewashukia wageni huko Nungwi na Mnemba kila siku ya Mungu, na mwashi anayetia mkono kwenye mawe na saruji, na mtu ambaye ngozi yake imekwisha kumwonya kuhusu nikeli, ingawa huyu wa mwisho hata aluminiamu ingemtosha. Hao saa yao hugongwa na hulowa. Tungeongeza na mtu mwenye fedha zake za halali zilizobaki baada ya haki za watu kulipwa, anayependa kitu kizuri kwa uzuri wake, huyo hatumwingilii. Uzuri nao ni haja. Mafundi wetu wa milango hawakuchonga maua kwa sababu mlango usingefungika bila ya maua.

Lakini karani anayekaa kivulini tangu asubuhi hadi alasiri, ambaye jabali kubwa analokutana nalo ni ukingo wa meza, hana anachokikinga. Kwa huyo kifuniko cha plastiki cha bei ndogo, kinachovishwa juu ya saa na kutupwa kikichakaa, hufanya sehemu kubwa ya kazi anayodhani inafanywa na titaniamu. Wakubwa wa ofisi ambao huidhinisha manunuzi nao walitazame jambo hili kwa jicho hilo hilo. Ikitokea idara ikaona haja ya saa hizi kwa kazi maalumu, kama vile waokoaji wa baharini, maombi yaeleze kazi yenyewe, na kasha liandikwe kulingana na kazi hiyo. Fedha za umma hazina sababu ya kununua mng'aro kwa ajili ya meza.

Pana hatari nyingine ya kuangaliwa na wanunuzi. Masokoni zimejaa saa zinazoiga sura ya ile saa kubwa ya Apple iitwayo Ultra, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 799 ikiwa na kasha la titaniamu. Za kuiga huuzwa kwa kiasi kidogo cha bei hiyo, na muuzaji hutaja neno titaniamu bila ya kupepesa macho. Kasha lake mara nyingi ni madini duni yaliyopakwa rangi, na rangi ikichanika ndipo kijani kinapotokea. Anayeinunua kwa bei ya kuiga na akajua kuwa ni ya kuiga hajadhulumiwa. Aliyelipa ziada kwa ajili ya neno ndiye wa kuhurumiwa.

Na kwa kuwa tumezungumza sana juu ya nje, tuseme neno moja juu ya ndani. Saa hizi zote, za dhahabu na za aluminiamu, hutwambia asubuhi kwamba ni saa saba wakati sisi tunajua kuwa ni saa moja. Kwa miaka zaidi ya kumi na mauzo ya mamilioni, bado mvaaji wa Unguja au Pemba anaangalia mkono wake kisha anatoa sita kichwani. Dola 300 za kasha hazijamwondolea hesabu hiyo.

Tulimwita kijana wetu siku ya tatu tukamweleza haya, si yote, kwani alikuwa na haraka. Alituuliza maswali mawili ya maana. La kwanza lilikuwa kuhusu kuiuza: kama saa ya titaniamu haipati bei zaidi baadaye. Tulimjibu kuwa hupata zaidi kidogo mwanzoni, lakini kila mwaka pengo linapungua, kwa sababu anayenunua saa janja kuukuu hutazama betri na programu kwanza. La pili lilikuwa ni kuhusu wenzake kazini. Hapo hatukuwa na jibu la kitaalamu. Tulimwonyesha tu mkono wetu, ambao una saa ya baba, na kioo chake kimekwaruzika.

"Sawa, ami," akasema. Akampigia rafiki yake hapo hapo barazani, akamwambia alete ya aluminiamu, ya rangi nyeusi, isiyokuwa na mtandao wa simu, na mkanda mmoja wa ziada. Mabati tumekubaliana tukayachague pamoja Jumamosi, naye anataka yale yaliyopakwa rangi. Tumemwambia tutayajadili dukani.